Priampu ya fono na katriji: namna ya kuzipatanisha hatua kwa hatua

Umefunga katriji mpya (kichwa kidogo kinachobeba sindano ya pleya ya santuri), umepima uzito wa sindano na kupanga pembe zake sawasawa, lakini sauti bado ina ukali. Kila "s" ya mwimbaji inachoma sikio na matoazi yanamfunika. Wengi hapo huilaumu katriji. Mimi kwanza huuliza imeunganishwa na priampu gani, yaani kifaa kinachokuza volteji ndogo ya katriji kabla haijafika kwenye amplifaya, tena kwa waya gani. Saketi ya katriji haiishii kwenye pini zake nne. Inaendelea ndani ya waya hadi kwenye priampu, na aliyeisanifu aliipigia hesabu safari hiyo yote.

Hatua ya 1: Tafuta namba za katriji yako

Zimo kwenye karatasi iliyokuja na katriji au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unahitaji volteji inayotoka, ukinzani (kwa omu) inaoutaka kwenye priampu, na kapasitansi inayoitaka, yaani uwezo wa waya na priampu wa kushika chaji (kwa pikofaradi). Kama ni katriji ya koili tembezi (MC), tafuta pia ukinzani wa koili zenyewe.

Katika katriji ya sumaku tembezi (MM), sumaku ndiyo inayotikiswa na sindano huku koili zimetulia. Katika MC, koili ndizo zinazotikiswa, kwa hiyo lazima ziwe nyepesi, zenye mizunguko michache, na volteji yake huwa ndogo. Audio-Technica AT-VM95E, ambayo ni ya familia ya MM, hutoa milivolti 4 na hutaka kilo-omu 47 na pikofaradi 100 hadi 200. Ortofon 2M Red hutoa milivolti 5.5, kwa kilo-omu 47 na pikofaradi 150 hadi 300. Denon DL-103, MC iliyozaliwa miaka ya 1960 kwa matumizi ya watangazaji wa NHK kule Japani, hutoa milivolti 0.3 tu. Ndugu yake DL-110 ni MC pia, lakini hutoa milivolti 1.6 na hutaka kilo-omu 47, kwa hiyo huingia kwenye soketi ya MM. Jina la aina peke yake halitoshi, soma namba.

Hatua ya 2: Hakikisha priampu ni moja tu

Pleya nyingi za siku hizi, kama AT-LP120X, zina priampu ndani na swichi ya PHONO na LINE. Ukitumia priampu ya nje, au soketi ya PHONO ya amplifaya, weka swichi PHONO. Ukiiweka LINE, chomeka AUX.

Santuri hukatwa besi zikiwa zimepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa. Priampu hurudisha mizani kwa kufuata mkunjo wa RIAA, kanuni ya pamoja ya watengenezaji wa santuri: karibu desibeli 20 juu kwenye hezi 20, na karibu desibeli 20 chini kwenye kilohezi 20. Priampu mbili hufanya kazi hiyo mara mbili, na unachosikia ni besi iliyofura na sauti iliyokwama.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ukuzaji

Desibeli 40 ni mara 100, desibeli 60 ni mara 1,000. Milivolti 4 mara 100 ni milivolti 400, inayotosha amplifaya ya kawaida. DL-103 kwenye desibeli 40 ingetoa milivolti 30 tu. Utafungua sauti hadi mwisho na utakachopata zaidi ni mchakacho. Kwenye desibeli 60 inatoa milivolti 300, na hapo ndipo pake.

Upande wa pili una hatari yake. 2M Red kwenye desibeli 60 ni volti 5.5 kwa kiwango cha kawaida tu, na mifereji yenye sauti kubwa huzidi hapo mara kadhaa. Priampu itakata mawimbi, na mikwaruzo utakayoisikia haimo kwenye santuri.

Hatua ya 4: Pima kapasitansi (kwa MM)

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa MM ndiyo inayoamua sauti za juu. Koili za MM zina indaktansi kubwa, yaani hupinga sana mkondo unaobadilika haraka; za AT-VM95E ni milihenri 550. Zikikutana na kapasitansi ya waya na priampu hutengeneza mwangwi wa umeme: kilima kwenye sauti za juu, kisha mteremko mkali. Kapasitansi ikizidi, kilima husogea chini na kuingia kunakosikika vizuri. Ndiyo sababu sauti inakuwa kali na wakati huohuo haina hewa juu.

Chukua mita yenye kipimo cha kapasitansi. Kama waya wa pleya unachomoka, uchomoe pande zote mbili, gusa pini ya katikati kwa ncha moja na ganda la plagi kwa nyingine. Kama hauchomoki, ondoa katriji kwanza, kisha pima kwenye plagi upande wa amplifaya. Hapo umepima na nyaya za ndani ya mkono unaobeba katriji pia. Toa namba ambayo mita ilionyesha ncha zikiwa wazi. Usipime katriji yenyewe kwa kipimo cha omu: mkondo wa mita unaweza kuharibu koili za MC.

Jumlisha na namba ya kapasitansi ya priampu. Tuseme waya na mkono ni pikofaradi 150 na priampu ni 220: jumla 370. Kwa AT-VM95E kilima kitakuwa karibu kilohezi 11. Ukiwa na priampu ya pikofaradi 50 jumla ni 200, na kilima kinapanda hadi kama kilohezi 15. Pleya ile ile, sindano ile ile.

Kupunguza ni kazi kuliko kuongeza. Anza na waya mfupi wenye pikofaradi chache kwa mita, kisha tafuta priampu yenye swichi za kapasitansi. Ukiwa na chuma cha kulehemu na ujuzi, kapasita ndogo iliyo ndani ya priampu, kati ya soketi ya kuingilia na ethi, inaweza kutolewa. Kwa katriji inayotaka zaidi, kama Shure M97xE ya pikofaradi 200 hadi 300, lehemu kapasita ndani ya plagi kati ya pini na ganda, thamani sawa kulia na kushoto. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na zilizobaki zinastahili kuhudumiwa hivyo.

Hatua ya 5: Chagua ukinzani (kwa MC)

Indaktansi ya MC ni ndogo, kwa hiyo pikofaradi hazikusumbui. Anza na ukinzani mara kumi ya ule wa koili. DL-103 ina omu 40, basi anza na 400. Denon wanataka angalau 100. Ukishusha sana, sauti hupungua na kupoa.

Transfoma ya kupandisha ni njia nyingine nzuri. Yenye uwiano wa 1:10 hugeuza milivolti 0.3 kuwa 3, na kilo-omu 47 za priampu ya MM huonekana na katriji kama omu 470, yaani 47,000 gawanya kwa mraba wa kumi. Kwa DL-103 hiyo inakaa vizuri kabisa.

Hatua ya 6: Funga ethi, kisha sikiliza

Waya mwembamba wa ethi wa pleya ufungwe kwenye skrubu ya GND ya priampu. Mvumo ukibaki, sogeza priampu mbali na transfoma ya amplifaya.

Sikiliza kwa santuri safi isiyochakaa. Nyingi za inchi 7 tulizozirithi kutoka Nairobi ya miaka ya 1970 zilichezwa kwa sindano butu, na mifereji iliyolika ina ukali wake kwenye "s" ambao hakuna swichi itakayouondoa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, rudia wimbo uleule, na usikilize mwimbaji na matoazi kabla ya besi. Ukishapata thamani iliyokaa, iandike kwenye kipande cha tepu uibandike chini ya priampu, pamoja na jina la katriji.