Unataka kuhariri Wikipedia? Anza na sentensi moja

Wengi ninaowafundisha kuhariri wanataka siku hiyohiyo waandike makala mpya, tena mara nyingi ya mtu wanayemjua, makala inafutwa, wanakata tamaa hawarudi tena. Inaniuma kweli. Mimi nasema anza na sentensi moja tu yenye chanzo.

Kwanza fungua akaunti. Baruapepe si lazima ila weka, maana ukisahau nywila na hukuiweka, akaunti ndo imeenda hiyo. Jina lako halisi si lazima, jina la kampuni usitumie.

Pili, chukua makala ya jambo unalolielewa, isome yote, utafute panapopwaya. Dada mmoja niliyekuwa namfundisha alikuta "Mwezi uko mbali sana na Dunia". Sasa mbali kiasi gani? Akabonyeza hariri, akaandika kilomita 384,400 kwa wastani, akachapisha. Haikupita muda mtu akaitengua. Namba ilikuwa sahihi kabisa, shida hakuonyesha kaitoa wapi!

Ukiona vitufe viwili, cha "hariri" kinakuonyesha ukurasa kama unavyosomeka na cha "hariri chanzo" kinakuonyesha msimbo, yaani maandishi pamoja na alama zinazoupanga ukurasa. Kwenye msimbo sentensi yake ilitakiwa iwe hivi:

Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 kwa wastani kutoka [[Dunia]].<ref>Mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ukurasa</ref>

Kilicho kati ya zile ref mbili ndo chanzo, na yale mabano mraba mawilimawili ndo kiungo cha kwenda makala nyingine. Hapa Kiswahili kinataka umakini kidogo kwa sababu maneno yetu yanabadilika ndani ya sentensi, ukiandika [[duniani]] usitegemee itakupeleka kwenye makala ya Dunia, andika [[Dunia|duniani]], yaani kushoto jina la makala, kulia neno litakaloonekana. Kiungo kikiwa chekundu basi makala hiyo haijaandikwa bado, au umekosea herufi.

Chanzo kiwe kitabu, gazeti, jarida la kitaalamu, kitu ambacho mwingine anaweza kukikagua. Blogu yako hapana, na Wikipedia ya lugha nyingine pia hapana (hili wengi hushangaa). Na usikopi ukapesti hata kama umetaja ulikotoa, haki za watu hizo, soma halafu andika kwa maneno yako.

Kabla hujachapisha angalia hakikisho, yaani ukurasa utakavyoonekana, jaza na kisanduku cha muhtasari: "nimeongeza umbali wa Mwezi na chanzo". Kifupi tu, kinawasaidia sana wanaokagua.

Ukitenguliwa usirudishe palepale mkaanza kuvutana. Fungua historia, kila toleo limehifadhiwa humo kwa hiyo kazi yako haijapotea, soma sababu aliyoandika, halafu muulize kwa upole kwenye ukurasa wa majadiliano, mwisho weka ~~~~ ili sahihi yako na tarehe vitokee. Yule dada aliuliza, akajibiwa vizuri, akaweka kitabu na ukurasa, sentensi ikabaki.

Ukishazoea, labda baada ya masahihisho kumi ishirini, ndo uandae makala nzima kwenye ukurasa wako wa majaribio. Ukitafsiri, tafadhali usimwage tu kilichotoka kwenye mashine, isome kwa sauti, na sentensi ambayo usingeweza kumwambia mtu ana kwa ana iandike upya.