Madini joto kwa mjamzito: anza na chumvi ya jikoni kwako

Mimi ni mkunga huku Nyanda za Juu Kusini, ukanda ambao kwa miaka mingi goita, au rovu kama wazee wanavyoiita, yaani uvimbe wa tezi unaoletwa hasa na upungufu wa madini joto (iodini), ilikuwa kitu cha kawaida shingoni mwa watu. Mvua za milimani huosha madini joto kwenye udongo, kwa hiyo mahindi, maharage na viazi vyetu huwa nayo kidogo mno.

Kinachoniumiza ni kuona akina mama wakija kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Tezi ya shingo hutumia madini joto kutengeneza homoni, na ya mtoto huanza kazi hiyo karibu na wiki ya 12, tena kidogo kidogo. Kabla ya hapo ubongo wake unajengwa kwa homoni za mama peke yake. Basi anza leo, hata kama ndiyo kwanza unapanga kushika mimba.

Hatua ya 1: Kagua chumvi unayonunua

Tafuta pakiti iliyofungwa, iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kikombe sokoni mara nyingi haina. Wala usidanganyike kwamba chumvi ya bahari inayo yenyewe: maji yakishakauka juani hubaki kidogo sana, na lazima yaongezwe kiwandani. Ndiyo maana hata Unguja na Pemba, katikati ya bahari, upungufu umewahi kukutwa.

Hatua ya 2: Itunze

Hapa ndipo wengi tunapoteza. Nimeingia jikoni kwa mama aliyenunua chumvi sahihi kabisa, kisha akaimimina kwenye kopo lisilo na mfuniko, pembeni ya mafiga. Unyevu, joto na jua hupunguza madini joto siku hadi siku. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na moto, na uchote kwa kijiko kikavu. Usiioshe kamwe ili iwe nyeupe, kwa sababu madini yamepakwa juu ya punje na yataondoka na maji. Itie kwenye mboga inapokaribia kuiva.

Hatua ya 3: Usiongeze chumvi, ongeza chakula

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 za madini joto kwa siku kwa mjamzito. Mtu mzima wa kawaida hutosheka na 150. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo, ukila gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, inakupa 150. Zaidi ya hapo unakaribisha presha. Kinachobaki kitoke kwenye samaki wa baharini, dagaa wa baharini, mayai na maziwa. Usiyeweza kuvipata mara kwa mara, au unayekatazwa chumvi, zungumza na mhudumu kuhusu vidonge. Usijitibu kwa unga wa mwani: kiasi chake hakitabiriki, na madini joto yakizidi nayo huivuruga tezi.

Hatua ya 4: Andaa muhogo vizuri

Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huizuia tezi kunyonya madini joto. Menya, loweka siku tatu, kausha juani ndipo usage. Kisamvu kitwange na kukichemsha vya kutosha.

Hatua ya 5: Jitazame shingo

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, meza funda la maji. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka, njoo kliniki. Uchovu, kufunga choo na kuhisi baridi hufanana na mimba yenyewe, kwa hiyo vikizidi omba kipimo cha damu cha homoni ya tezi. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda navyo visisubiri.

Kama tayari unatumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, usiiache. Mara ujuapo una mimba nenda kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki, kwa kuwa kwa kawaida dozi huhitaji kuongezwa. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, na yapite masaa manne kabla ya FEFO, vidonge vya madini chuma na foliki, maana madini chuma huizuia dawa kuingia mwilini.

Hatua ya 6: Endelea baada ya kujifungua

Mtoto anayenyonya hupata madini joto kwenye maziwa yako, hivyo mahitaji yanabaki 250. Aliyeongezewa dozi ya levothairoksini wakati wa mimba, daktari humrudisha kwenye ile ya zamani baada ya kujifungua, na kipimo hurudiwa karibu wiki ya 6. Siku hiyo beba kadi ya kliniki pamoja na vidonge vyenyewe.