Kabla hujaingia kwenye mionzi, uliza kwanza inatokea wapi

Mtu akiambiwa ana kipimo cha mionzi au anaanza tiba ya mionzi, swali lake la kwanza ni itauma? Mi naona hilo liwe la pili. La kwanza ni hii mionzi inatoka kwenye mashine au naingiziwa mwilini, maana maandalizi karibu yote yanategemea jibu hilo, na siku hizi zimekuja hizi chembe za nano, punje ndogo mno zinazotumika kama dawa, ndo watu wamechanganyikiwa kabisa.

Eksrei, CT skani na ile mashine kubwa ya kutibu kansa kwa nje, zote zikizimwa mionzi imeisha, hutoki nayo. Beba mtoto wako, lala na mwenzio kama kawaida. PET skani, kile kipimo cha picha cha kusaka kansa, ni habari nyingine, pale unachomwa sindano ya sukari iliyobebeshwa florini 18 inayotoa mionzi, nguvu yake inapungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo kwa masaa kadhaa chanzo cha mionzi ni wewe. Iodini 131, dawa ya mionzi ya kansa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, ndo inachukua siku 8 kufika nusu. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe jua nyumbani kuna nani, kama kuna mjamzito au mtoto mdogo panga mapema nani atalala wapi, kama unanyonyesha au unahisi una mimba sema kabla ya sindano sio baada, na kama una safari ya ndege omba barua hospitali, vile vifaa vya kunasa mionzi vya mpakani na viwanja vya ndege vinaweza kupiga kelele ukipita. MRI yenyewe haina mionzi, ni sumaku, hapo cha kusema ni chuma chochote kilichopo mwilini.

Turudi kwenye PET kidogo maana ndo watu wanaharibu. Mashine inatafuta nani anakula sukari sana, na uvimbe wa kansa mara nyingi unaila kwa pupa. Sasa wewe umekula asubuhi, au jana umekimbia mazoezi makali, misuli nayo inavuta ile sukari na picha inachafuka. Ndo maana unaambiwa ufunge masaa 4 mpaka 6, maji matupu ruksa, usifanye mazoezi mazito siku moja kabla, na uvae nguo za joto kwa sababu hata baridi inaamsha mafuta fulani ya mwilini yanayochoma sukari. Mwenye kisukari apige simu siku kadhaa kabla, asijiamulie mwenyewe kuruka insulini.

Haya, nano. Nanomita ni mita moja gawanya kwa bilioni, unywele wako una upana wa kama nanomita 80,000. Chembe zenyewe nyingi hazitoi mionzi, na hili watu hawaliamini ukiwaambia. Kazi yake kwenye tiba ni kama hivi: madini mazito kama dhahabu au hafniamu yakipigwa na mionzi yanarusha elektroni nyingi hapohapo yalipo, kwa hiyo ukiyaweka ndani ya uvimbe dozi inakuwa kubwa pale pale bila kuongeza kwa sehemu za mwili za jirani. Ulaya mwaka 2019 waliruhusu ya hafniamu oksaidi kwa sarkoma, yaani kansa za nyama laini kama misuli na mafuta, za mikono, miguu na ukuta wa kiwiliwili, inachomwa moja kwa moja kwenye uvimbe kabla ya mionzi kuanza. Nyingine nyingi bado ziko kwenye majaribio, kwa hiyo uliza wazi, hii imesajiliwa au nashiriki utafiti? Kama ni utafiti soma ile fomu nyumbani bila haraka, na ujue unaweza kujitoa siku yoyote.

Uliza pia hizo chembe zinatokaje mwilini. Zile ndogo sana, chini ya nanomita 5 au 6, figo inazichuja, kubwa zaidi zinakamatwa na ini na bandama na zinaweza kukaa muda mrefu. Kuna ya chuma inaitwa ferumoxytol, Marekani iliruhusiwa 2009 kama dawa ya upungufu wa damu na baadhi ya madaktari wanaitumia kung'arisha picha za MRI, inaweza kubadilisha picha zako mpaka miezi 3, sasa ukienda kwa daktari mwingine hujasema atasoma kitu ambacho hakipo. Andika jina la dawa na tarehe kwenye simu. Na inaweza kuleta aleji kali, taja aleji zako zote na usikimbilie kuondoka, kaa uangaliwe angalau nusu saa.

Kwa tiba ya mashine ya nje jipange na muda, mara nyingi ni siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, uchovu unakuja taratibu katikati. Kama ni kichwa na shingo muone daktari wa meno kabla, jino likija kung'olewa baadaye mfupa unaweza kugoma kupona. Vile vialama wanavyokuchora kwenye ngozi usivisugue, ndo ramani yao ya kulenga mionzi. Vidonge vya virutubisho usinywe kimyakimya. Na ukipata homa katikati usijikalishe nyumbani ukasema nitaenda kesho, piga simu hospitali kwanza, wao ndo wanajua siku iliyorukwa inafidiwa vipi.