Mwenzako Akikamatwa Kazini: Namna ya Kuwaita Watetezi wa Wanahabari

Mwanahabari akikamatwa nchini Kenya, saa za kwanza ndizo zenye uzito mkubwa, kwa kuwa kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo utaisha mahakama ikiwa imefungwa. Nenda kituoni, uliza kama jina lake limeandikwa katika kitabu cha matukio, kisha nakili nambari ya OB (nambari ya taarifa yake katika kitabu hicho), saa aliyokamatwa na kila kifaa kilichochukuliwa: kamera, simu, hata kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kama ukucha, kwani huenda humo ndimo yalimo majina ya waliompa habari.

Ndipo uwasiliane na shirika la kutetea uhuru wa vyombo vya habari, kama vile ARTICLE 19, lenye ofisi Nairobi, au CPJ (Kamati ya Kuwalinda Wanahabari), lililoanzishwa Marekani mwaka 1981. Eleza ulichokishuhudia, ukikitenga na ulichosimuliwa. Taarifa iliyotiwa chumvi humuumiza aliye seli. La muhimu kuliko yote, uliza familia yake kabla jina halijatangazwa, maana wapo wanaookolewa na kelele, na wapo wanaohitaji wakili aingie kimyakimya.