Kupandisha kaa wa matope hadi mayai yaanguliwe

1. Wageuze chali. Kifuniko cha tumbo cha dume ni chembamba na kimechongoka. Cha jike mchanga ni pembetatu pana, na cha jike aliyepevuka ni cha duara, cheusicheusi, kimezungukwa na vinyweleo. Huyu wa mwisho akitoka mikokoni, mara nyingi ameshapandwa na mbegu amezihifadhi mwilini, tena za kutosha zaidi ya uzao mmoja. Usihangaike kumtafutia dume.

2. Jike mchanga ndiye wa kuoanishwa, tena anapokaribia kujivua gamba. Mulika kasia la mguu wa nyuma: ukiona mstari wa pili ndani ya ukingo, muda umefika. Weka dume mmoja mwenye gamba gumu, mkubwa kumzidi. Madume wawili watang'oana magando. Atamkumbatia kwa juu siku kadhaa, usimbandue ukidhani anamla. Jike akishajivua, dume humgeuza chali na kumpanda kwa saa nyingi, kisha humlinda hadi gamba ligande. Kaa wengine wasiwemo humo: jike laini ni kitoweo.

3. Mlishe ngisi, samaki na kome wabichi. Chumvi ya maji iwe sehemu 30 hadi 35 kwa elfu.

4. Kutaga. Hapa ndipo wengi hupoteza jike baada ya jike. Hutaga wiki au miezi baada ya kupandwa, na bila mchanga hawezi. Hukibonyeza kifuniko mchangani, mayai yakabaki humo mpaka yagande kwenye vinyweleo vya vimiguu vya tumboni. Sakafu ikiwa tupu, asubuhi unakuta rojo la rangi ya chungwa limetapakaa, na mayai hayo hayarudishiki. Weka mchanga laini uliooshwa, kina cha sentimita 10, eneo la kumtosha kujizungusha. Katrei kadogo ka mchanga hakasaidii. Ukinuka, badilisha. Gizani, bila kumchokoachokoa. Kuna wanaokata kikonyo cha jicho ili atage haraka. Huharakisha kweli, lakini hakuzibi pengo la mchanga. Mimi namwachia macho yake.

5. Akishabeba mayai, mhamishie tangi safi lisilo na mchanga, hewa ipulizwe muda wote. Kwenye nyuzi 28 hadi 30 huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12, rangi ikigeuka kutoka chungwa, kahawia, hadi meusi. Yakiwa meusi, andaa rotifera, vijidudu vya majini vya kulisha viluwiluwi. Viluwiluwi hukimbilia mwanga. Washa taa upande mmoja, uwachote juujuu, na mayai yaliyokufa uyaache chini.