Kilo zikifungana, nani atangulie?

Nikiwa karani wa data kwenye kituo cha kupokea kahawa hapa Mbale, mama mmoja alinijia na risiti mkononi: hayumo kwenye orodha ya malipo. Jirani yake yumo mara mbili. Data yote ilikuwa salama. Kosa lilikuwa amri yangu ya kutoa ukurasa wa pili, yaani watu 20 wanaofuata 20 wa kwanza, kilo nyingi zikitangulia:

```
SELECT namba, kilo FROM mapokezi
ORDER BY kilo DESC
LIMIT 20 OFFSET 20;
```

Wengi huleta gunia moja, kilo 60. Ukishuka kwenye orodha unakuta 60, 60, 60 hadi macho yachoke. PostgreSQL, hifadhidata tunayotumia, inaahidi tu kwamba 61 itatangulia 60. Kati ya 60 na 60 haina ahadi yoyote, na kila ukurasa ni ombi jipya linalopangwa upya. Rekebisha mstari mmoja katikati, na mtu anaweza kuruka kutoka ukurasa wa pili hadi wa kwanza ulioshauchapisha.

Hatua ya 1: tafuta zilizofungana

```
SELECT kilo, COUNT(*) FROM mapokezi
GROUP BY kilo HAVING COUNT(*) > 1;
```

Jibu likija tupu, uko salama kwa leo tu.

Hatua ya 2: weka cha kuvunja sare

```
ORDER BY kilo DESC, tarehe, namba
```

Tarehe tuliichagua kwa kuwauliza wakulima wenyewe: aliyewahi kuleta atangulie. Lakini haitoshi, siku ya soko wanakuja kwa makumi. Safu ya mwisho lazima iwe isiyojirudia kabisa. Kwetu ni namba ya risiti. Jina usilitegemee, akina Wafula huku hawahesabiki.

Hatua ya 3: nje ya hifadhidata

`sorted` ya Python huwaacha waliofungana kama walivyoingia. pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, haiahidi hivyo mpaka uiambie:

```
df.sort_values("kilo", ascending=False, kind="stable")
```

JavaScript nayo imelazimishwa kuwaacha walivyoingia, na kiwango cha lugha hiyo cha 2019. Chrome kabla ya toleo la 70 ilikuwa ikivuruga orodha zenye zaidi ya vitu 10, kwa hiyo jaribio lako la majina matano lisingekuonyesha kitu.

Hatua ya 4: hakiki

Unganisha kurasa zote, hesabu namba za risiti zisizojirudia, linganisha na idadi ya mistari kwenye jedwali. Fanya hivyo kabla karatasi haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa, utaeleza hadi jioni.