Kupima TB ya utando wa ubongo kwa Xpert Ultra kwa mgonjwa mwenye VVU

Mwongozo huu ni wa daktari anayechoma uti wa mgongo na wa mtaalamu wa maabara anayepokea sampuli. Someni pamoja, maana kipimo hiki, kinachotafuta vinasaba vya vimelea vya TB ndani ya katriji (kikasha kinachoingizwa kwenye mashine), huharibika mara nyingi kabla hakijafika kwenye mashine.

Hatua ya 1: Toa maji ya kutosha

Kwa mtu mzima lenga mililita 8 hadi 10, na jitahidi usishuke chini ya 6. Vimelea vya TB kwenye maji ya uti wa mgongo ni vichache mno, kiasi kwamba mililita 1 inaweza isiwe na hata kimoja. Pima shinikizo kabla hujaanza kukinga. Tyubu yenye maji mengi zaidi iende kwenye TB, na isiwe ile ya kwanza iliyopokea damu ya sindano.

Hatua ya 2: CrAg kwanza

CrAg ni antijeni ya kriptokoka, kuvu ambao nao huleta ugonjwa wa utando wa ubongo. Tone 1 la kiyeyushio, mikrolita 40 za sampuli, chovya kijiti, soma baada ya dakika 10. Antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi mstari unaweza kufifia au kutoonekana, kwa hiyo dalili zikikushawishi, zimua sampuli urudie. Paneli za vimelea vingi hazichukui nafasi ya hatua hii: FilmArray ME, moja ya paneli hizo, haipimi TB kabisa, na kriptokoka wakiwa wachache huweza kuwakosa.

Hatua ya 3: Zungusha sampuli

Hapa ndipo majibu mengi hupotea.

Maji yakizidi mililita 5, yatie yote kwenye tyubu yenye kitako cha ncha, uzungushe kwa g 3000 kwa dakika 15. Hiyo ni g, yaani nguvu inayosukuma mashapo chini, si mizunguko kwa dakika. Kosa la kuweka 3000 kwenye kitufe cha mizunguko ni la kawaida sana, na mashine haitakuonya. Kokotoa hivi: g = 0.00001118 × nusu kipenyo cha rota (sehemu inayozunguka ikishika tyubu) kwa sentimita × mizunguko × mizunguko. Rota ya sm 15 ikizunguka mara 3000 kwa dakika inatoa takriban g 1500, nusu tu ya unayohitaji. Ili ufike g 3000 weka karibu 4230. Fanya hesabu mara moja, andika jibu kwenye karatasi, bandika juu ya mashine.

Sawazisha tyubu kwa uzito, na utumie vikombe vyenye vifuniko. Mashine ikisimama, usiimimine tyubu. Mashapo mara nyingi hayaonekani kwa macho, na ukiinamisha tyubu yanaondoka na maji. Vuta maji ya juu kwa pipeti, taratibu, bila kugusa kitako. Usiyatupe, yanafaa kupimia protini na glukosi.

Kama unataka pia kuotesha vimelea, tenga sehemu ya mashapo SASA. Kitendanishi cha sampuli (kimiminika kinachokuja na katriji) huua bakteria, na ukishakitia hakuna tena cha kuotesha. Kisha ongeza kitendanishi mpaka jumla ifike mililita 2.

Sampuli ikiwa kati ya mililita 1 na 5, maelekezo ya kawaida ni kuongeza kitendanishi kwa ujazo ulio sawa na sampuli, kisha kutia mililita 2 za mchanganyiko kwenye katriji. Lakini hesabu: ukiwa na mililita 4, katriji inapokea maji ya mgonjwa mililita 1 tu. Kwangu mimi, hapo bado ni bora kuzungusha. Chini ya mililita 1, jaza kitendanishi mpaka 2. Chini ya 0.1 haitoshi.

Hatua ya 4: Katriji

Tikisa, subiri dakika 15 ukitikisa tena katikati, tia mililita 2, washa. Majibu hutoka ndani ya dakika 80.

Hatua ya 5: Soma majibu

TRACE (vinasaba vya TB vimeonekana kwa kiasi kidogo mno) kwa mtu mwenye VVU, tena kwenye maji ya uti wa mgongo, ni TB. Anza dawa. Kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini haitajulikana, na kurudia katriji ili kuitafuta ni kupoteza sampuli. Itafute kwenye makohozi au kwenye vimelea vilivyooteshwa.

INVALID maana yake udhibiti wa ndani (jinsi katriji inavyojipima yenyewe) umeshindwa, mara nyingi kwa sababu ya vizuizi kama damu. Ukiwa umetia mashapo yote hakuna kilichobaki cha kurudia, na mgonjwa atachomwa tena. Ndiyo maana bonge la damu lisiingie kwenye katriji.

Jibu hasi halifuti TB. Katika utafiti wa Uganda uliochapishwa 2018 kwa watu wenye VVU, Ultra ilikamata takriban 70% ya wagonjwa waliohesabiwa kuwa na TB ya utando wa ubongo. Xpert ya zamani ilikamata 43%. Kwa hiyo glukosi ikiwa chini, protini juu, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) nyingi na CrAg hasi, usisimamishe dawa za TB kwa sababu ya karatasi ya Ultra. Pima mkojo kwa LAM (kijenzi cha ukuta wa bakteria wa TB), na ikibidi choma tena, safari hii ukitoa maji mengi zaidi. Usitumie Ultra kufuatilia matibabu: vinasaba vya vimelea waliokufa huendelea kuonekana.